Sofia: mwongozo kamili wa kulisoma neno "hekima" katika Agano Jipya

Marko sura ya 6 inatuonyesha watu wa kwao Yesu wakiuliza maswali mawili, moja likifuata jingine. Kwanza: "Ni hekima gani hii aliyopewa huyu?" Kisha, kabla hujapumua: "Huyu si yule seremala?" Kwao swali la pili lilitosha kulizima la kwanza. Seremala na hekima wapi na wapi?

Ajabu ni kwamba neno la Kigiriki lililoko katika lile swali la kwanza, sofia, limekuwa na undugu na seremala tangu zamani sana. Mojawapo ya mahali pa kale kabisa tunapolikuta ni katika utenzi wa Homer, Iliad, kitabu cha 15. Pale mshairi anaufananisha mstari wa vita na uzi wa fundi anayenyoosha mbao za merikebu, fundi ambaye, anasema, anaijua sofia yote kwa mafundisho ya Athena, mungu wa kike wa Wagiriki. Hapo hamna falsafa wala mzee mwenye mvi aliyekaa kimya. Kuna mtu ameshika uzi, na mbao mbele yake inanyooka.

Mwongozo huu ni kwa msomaji wa kawaida wa Biblia anayetaka kujua neno hili linabeba nini kila anapokutana na "hekima" katika Agano Jipya. Huhitaji kujua Kigiriki. Unahitaji Biblia (mimi nanukuu kutoka tafsiri ya Union Version ya 1952, kwa kuwa ndiyo iliyo mikononi mwa wengi), itifaki ya Biblia (orodha ya maneno yote ya Biblia na aya yanapopatikana) ya karatasi au ya kwenye simu, na daftari. Zaidi ya hayo unahitaji swali moja la kuulizia kila aya: kazi ya hekima hii iko wapi? Fundi hujulikana kwa alichokitengeneza, na nitajaribu kuonyesha kwamba waandishi wa Biblia waliisoma sofia kwa jicho hilohilo.

Hatua ya 1: Lijue neno na ndugu zake

Kwa herufi za Kigiriki ni σοφία. Hutamkwa sofía, mkazo ukiangukia ile "i". Ukitumia programu ya Biblia yenye nambari za James Strong, yule aliyetoa itifaki yake kubwa mwaka 1890, sofia ni nambari 4678 upande wa Kigiriki. Iandike mwanzoni mwa daftari lako, maana ndiyo itakayokuonyesha kama "hekima" unayoisoma ni sofia kweli au ni neno jingine lililovaa nguo yake.

Ndugu wa karibu ni wawili. Sofos ni mtu mwenye hekima (nambari 4680). Sofizo ni kitenzi, na hiki ndicho kinachonifurahisha, kwa sababu kimetokea mara mbili tu katika Agano Jipya na mara hizo mbili zinatazamana kama mchana na usiku. Katika 2 Timotheo 3:15 maandiko matakatifu yanaweza "kukuhekimisha" hata upate wokovu. Katika 2 Petro 1:16 mitume wanajitetea kwamba hawakufuata "hadithi zilizotungwa kwa werevu". Kitenzi ni kilekile. Watafsiri wetu walifanya vizuri kutumia maneno mawili, lakini msomaji wa Kiswahili hawezi kubaini kwamba chini yake mzizi ni mmoja. Ujuzi wa kutengeneza unaweza kumtengeneza mtu, na unaweza pia kutengeneza uongo unaovutia.

Kuna pia filosofia, yaani upendo wa hekima, ambalo limetajwa mara moja tu, Wakolosai 2:8, na Union Version imelitafsiri "elimu yake ya bure". Usilijengee mengi. Paulo hapo anasema juu ya mafundisho fulani yaliyokuwa yakiwateka Wakolosai, hasemi juu ya kila kitu ambacho kimewahi kuitwa falsafa.

Hatua ya 2: Hesabu, halafu angalia pengo

Sofia imetokea mara 51 katika Agano Jipya. Chora mistari katika daftari na ugawe: Mathayo 3, Marko 1, Luka 6, Matendo 4, Warumi 1, 1 Wakorintho 17, 2 Wakorintho 1, Waefeso 3, Wakolosai 6, Yakobo 4, 2 Petro 1, Ufunuo 4.

Hesabu hii inasema mambo mawili kabla hujasoma aya hata moja. La kwanza, theluthi moja ya matumizi yote iko katika barua moja, na ndani ya barua hiyo mara 16 kati ya 17 zimejazana katika sura tatu za mwanzo. Panapokuwa na neno moja limerudiwa hivyo, pana ugomvi. La pili ni pengo: Injili ya Yohana haina sofia hata mara moja. Ile Injili inayoonwa na wengi kuwa ya kina kuliko zote haikulitumia neno hili kabisa! Weka alama ya kuuliza hapo, tutarudi.

Hatua ya 3: Rudi nyuma hadi Kiebrania

Hapa ndipo wasomaji wengi wanapopotea, kwa sababu wakisikia "neno la Kigiriki" hukimbilia kwa wanafalsafa Plato na Aristotle. Aristotle aliigawa akili katika mafungu: sofia kwake ni ujuzi wa mambo ya juu kabisa yasiyobadilika, na fronesis ni busara ya kuamua mambo ya maisha. Mgawanyo mzuri, lakini ukiuingiza katika barua ya Yakobo utavunjika mkononi mwako, kwa maana sofia ya Yakobo inahusu ulimi, hasira na namna ya kukaa na watu.

Waandishi wa Agano Jipya walilelewa na Maandiko ya Kiyahudi, na wengi wao waliyasoma kwa Kigiriki, katika tafsiri iitwayo Septuaginta ambayo ilianza kufanywa Aleksandria katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Watafsiri wale walipokutana na neno la Kiebrania hokma, mara nyingi waliweka sofia. Kwa hiyo ukitaka kujua sofia ya Paulo au ya Luka imebeba mzigo gani, chungulia kwanza hokma ilikuwa ikifanya nini.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati asiyoijua. "Hekima" imetufikia kutoka Kiarabu, hikma, na Kiarabu na Kiebrania ni lugha ndugu. Mzizi h-k-m wa hikma ndio huohuo wa hokma. Kwa sauti, hekima yetu iko karibu na Kiebrania kuliko sofia yenyewe ilivyo. Na angalia ukoo wake ndani ya Kiswahili: hakimu, hukumu, mahakama. Si jambo la kutilia chumvi, kwani asili ya neno haituambii sikuzote maana yake ya leo. Hata hivyo, linakukumbusha kwamba hekima ina uhusiano na kukata shauri, na utaona Paulo akilitumia hivyo.

Sasa fungua Kutoka 31. Mungu anamwambia Musa kwamba amemjaza Bezaleli roho ya Mungu, katika hekima, maarifa na ujuzi. Ili afanye nini? Ili afanye kazi ya dhahabu, fedha na shaba, achonge vito, achore mbao. Septuaginta inasema sofia papo hapo. Sura ya 35 inaendelea: wanawake wenye hekima moyoni walisokota kwa mikono yao. Hekima yao ilionekana katika uzi. Na katika Zaburi ya 107, mabaharia wanaopigwa na dhoruba wanasemwa katika Kiebrania kwamba hokma yao yote ilimezwa, maana yake ujuzi wao wote wa bahari ulifika mwisho.

Kisha soma 2 Samweli 13:3, na usiruke kwa sababu inachukiza. Yonadabu, rafiki yake Amnoni mwana wa Daudi, ndiye aliyempa Amnoni hila ya kumnasa Tamari, dada yake wa kambo. Union Version inamwita "mtu mwerevu sana". Kiebrania kinamwita hakam, mwenye hokma, na Septuaginta inasema sofos. Yeremia 4:22 nayo: watu wa Mungu "wana akili katika kutenda mabaya", na neno la chini yake ni lilelile. Hekima, kwa hiyo, si jina jingine la wema. Ni ustadi, na ustadi hufuata mkono ulioushika. Ndiyo maana Mithali inasisitiza kwamba kumcha Bwana ni mwanzo wa hekima (9:10). Kama kila ustadi ungekuwa mwema tayari, mwanzo usingehitaji kutajwa.

Mimi niliposoma habari ya Yonadabu kwa mara ya kwanza nikijua neno lililo chini yake, nililazimika kurudia Paulo wote. Huyu anayesema vikali juu ya hekima ya dunia si mtu anayeogopa shule. Anawajua akina Yonadabu.

Hatua ya 4: Litenganishe na majirani zake

Kiswahili kina utajiri wa maneno ya akili: hekima, busara, akili, ufahamu, ujuzi, maarifa, elimu, werevu. Kigiriki nacho kina yake, na mipaka ya lugha hizi mbili hailingani. Kwa hiyo usidhani kila "hekima" ni sofia, wala kila "akili" ni neno moja.

Jirani wa kwanza ni fronesis, pamoja na kivumishi chake fronimos. Hii ni busara ya kujua hali ilivyo na kutenda mapema. Union Version imetumia maneno tofauti kwa fronimos: mtu aliyejenga juu ya mwamba ni "mwenye akili" (Mathayo 7:24), wanawali watano ni "wenye busara" (Mathayo 25:2), na wakili dhalimu alitenda "kwa busara" (Luka 16:8). Kumbuka kwamba busara asili yake ni Kiarabu cha kuona, na kweli watu hawa wote walionacho ni jicho: waliona mvua, waliona usiku, waliona kufukuzwa kazi kunakuja.

Hapo pia ndipo panapofunguka lile agizo gumu, "iweni na busara kama nyoka" (Mathayo 10:16). Neno ni fronimos. Septuaginta ilikuwa imelitumia kwa nyoka wa Mwanzo 3:1, yule ambaye Biblia yetu inamwita "mwerevu". Yesu anaazima sifa ya nyoka na kuikata meno kwa kumweka hua kando yake. Hakusema muwe na sofia kama nyoka.

Jirani wa pili ni gnosis, maarifa: kujua jambo. Sofia na gnosis hutembea pamoja mara nyingi, kama katika Wakolosai 2:3, ambapo hazina zote za hekima na maarifa zimo ndani ya Kristo, na 1 Wakorintho 12:8, "neno la hekima" na "neno la maarifa". Kuna walimu wanaochora mstari mkali kati ya karama hizi mbili za mwisho na kueleza kila moja inafanyaje kazi. Paulo hakuzieleza. Ukisikia maelezo marefu sana juu ya aya hiyo, ujue mengi yanatoka kwa mwalimu.

Jirani wa tatu, sunesis, ni ufahamu, uwezo wa kuunganisha mambo mpaka yaeleweke. Huyu atakutosha kwa kumtambua tu.

Zoezi: chukua Waefeso 1:8, "hekima yote na ujuzi". Angalia nambari. Utakuta sofia na fronesis zimewekwa bega kwa bega, na hapo "ujuzi" wa Kiswahili ndiyo fronesis. Ukiweza kugundua hilo mwenyewe, hatua hii umeimaliza.

Hatua ya 5: Uliza ni hekima ya nani (1 Wakorintho 1 hadi 3)

Chukua muda hapa. Soma sura hizi tatu kwa mkupuo mmoja, na kila sofia au sofos unayokutana nayo, andika pembeni mmiliki wake ni nani: ya maneno, ya dunia, ya wanadamu, ya watawala, ya Mungu.

Utaona haraka kwamba Paulo karibu kila mara anaifunga sofia na mmiliki wake. Anaanza na "hekima ya maneno" katika 1:17. Korintho ulikuwa mji wa Kigiriki ambapo msemaji hodari alishangiliwa na kufuatwa kama anavyofuatwa mchezaji nyota, na waumini wa pale walikuwa wameleta tabia hiyo kanisani: mimi ni wa Paulo, mimi wa Apolo, mimi wa Kefa. Apolo hakuwa na kosa. Matendo 18:24 inamtaja kuwa mzaliwa wa Iskanderia (ndiyo Aleksandria), mtu wa elimu, hodari katika maandiko. Tatizo lilikuwa kwa wasikilizaji waliopima ukweli kwa utamu wa sauti.

Sasa leta swali letu. Kazi ya hekima hiyo iko wapi? Paulo anaijibu mara mbili. Ndani ya kanisa, imezaa mafarakano. Na nje, katika 2:8, watawala wa dunia hii hawakuijua hekima ya Mungu, kwa maana kama wangaliijua wasingalimsulubisha Bwana wa utukufu. Hiyo ndiyo kazi waliyoitengeneza watu wenye ujuzi wote wa utawala na sheria: msalaba. Naye Mungu, kwa msalaba huohuo, anatengeneza wokovu. Ndiyo maana 1:24 inathubutu kumwita Kristo "nguvu ya Mungu, na hekima ya Mungu", na 1:30 inasema alifanywa kwetu hekima itokayo kwa Mungu, na haki, na utakatifu, na ukombozi.

Ukisoma bila kuandika wamiliki pembeni, utamaliza sura hizi ukidhani Paulo anachukia elimu. Kosa hili ni la kawaida mno na limewagharimu vijana wengi vitabu vyao. Tafuta ushahidi katika barua ileile. Katika 2:6 anasema, "walakini iko hekima tusemayo" kati ya wakamilifu. Katika 3:10 anajieleza mwenyewe kuwa "mkuu wa wajenzi mwenye hekima" aliyeweka msingi. Kwa Kigiriki ni sofos architekton, na ndani ya architekton limo tekton, neno lilelile la "seremala" katika Marko 6:3. Fundi wa Homer amerudi, safari hii akiwa na kanisa badala ya merikebu. Na katika 6:5, akiwaona ndugu wanapelekana mahakamani, anauliza kwa uchungu kama hakuna kwao hata mtu mmoja mwenye hekima awezaye kukata maneno ya ndugu zake. Hekima na hakimu, kama tulivyoona katika ukoo wa neno letu.

Kanisa lililojaa wapenda hekima halina hata mtu mmoja wa kusuluhisha kesi. Sijui kama kuna kejeli kali kuliko hiyo katika barua zake zote.

Angalia pia maneno ya Agano la Kale anayoyanukuu. Katika 1:19 ni Isaya 29:14, juu ya Mungu kuiharibu hekima ya wenye hekima. Katika 3:19 ni Ayubu 5:13, juu ya wenye hekima kunaswa katika hila yao. Yote mawili yanahusu watu waliotumia akili zao kinyume na Mungu. Rudi ukasome Isaya 29 yote, aya ya 15 hasa, inayowataja wale wafichao mashauri yao ili Bwana asiyaone, uone jinsi nukuu inavyobeba sura yake nzima.

Hatua ya 6: Yakobo, kwa kifupi

Mara nne tu, na zote ziko wazi. Katika 1:5 hekima huombwa: "mtu wa kwenu akipungukiwa na hekima, na aombe dua kwa Mungu". Soma aya za kabla yake. Anayepungukiwa ni mtu aliye katika majaribu. Hajaombea mtihani wa darasani, ingawa nani atamkataza.

Katika 3:13 Yakobo anauliza swali letu kwa maneno yake: ni nani mwenye hekima? "Na aonyeshe kwa mwenendo wake mzuri kazi zake katika upole wa hekima." Baada ya hapo anaweka hekima mbili mezani. Moja ni ya dunia, ya tabia ya kibinadamu, ya Shetani, na kazi yake ni wivu, ugomvi na machafuko. Nyingine imetoka juu: safi, ya amani, ya upole, "tayari kusikiliza maneno ya watu". Kipengele hicho cha mwisho hurukwa sana mahubirini.

Hatua ya 7: Hekima anayeitwa "yeye"

Kuna mahali Hekima haichukuliwi kama sifa. Inasimama njiani na kupaza sauti. Mithali 8:1: "Je! Hekima halii?" Sikiliza sarufi. Hekima kwa kawaida ni ya ngeli ya I, tungetarajia "hailii". Watafsiri wamempa ngeli ya A-WA, ngeli ya watu. Kigiriki na Kiebrania huonyesha hilo kwa jinsi ya kike ya neno. Kiswahili hakina jinsi, kwa hiyo kimetumia upatanisho wa viumbe hai, na kwa herufi moja kimetuambia kwamba sasa tunasikiliza mhusika. Ndivyo ilivyo pia 9:1: "Hekima ameijenga nyumba yake". Amejenga, tena akachonga nguzo saba. Na katika 8:30 yuko kando ya Mungu wakati wa uumbaji "kama stadi wa kazi". Neno la Kiebrania hapo, amon, lina ugumu wake na tafsiri hutofautiana, lakini kitabu cha Hekima ya Sulemani, kilichomo katika Biblia ya Kikatoliki na ya Kiorthodoksi, kinamwita wazi fundi wa vitu vyote katika sura ya 7.

Aya moja ya sura hii ilitikisa Kanisa zima. Mithali 8:22 kwa Kiebrania ina kitenzi ambacho chaweza kumaanisha kupata au kumiliki, na pia kuumba. Septuaginta ilichagua "Bwana aliniumba". Katika karne ya 4 Arius, padri wa Aleksandria, akaona hapo uthibitisho: ikiwa Kristo ndiye Hekima, na Hekima aliumbwa, basi Mwana ni kiumbe. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 ulikataa fundisho lake, na Athanasius, askofu wa Aleksandria, aliandika kurasa nyingi kuieleza aya hiyo upya. Jambo la kujifunza katika kusoma kwako: Mithali 8 ni ushairi unaoipa sifa ya Mungu umbo la mtu. Waandishi wa Agano Jipya waliazima lugha yake kumsema Kristo, lakini kuazima lugha ya shairi si sawa na kuligeuza kila neno kuwa kanuni ya imani.

Sasa lile pengo la Yohana. Soma Yohana 1:1-14 ukiwa na Mithali 8 mkono wa kushoto: alikuwako mwanzo, alikuwa kwa Mungu, vitu vyote vilifanyika kwa huyo. Kisha ongeza Yoshua bin Sira 24 (kitabu kingine cha Biblia ya Kikatoliki na ya Kiorthodoksi), ambapo Hekima anaamriwa apige hema yake katika Yakobo. Neno "akakaa" katika Yohana 1:14 kwa Kigiriki ni kitenzi cha kupiga hema. Sofia haimo, ila nyayo zake zimejaa. Yohana amechagua Logos, Neno. Kwa nini, wataalamu wamejadili sana. Jina la kiume lilimfaa zaidi Yesu, wasema baadhi, na Logos lilibeba pia ile sauti ya Mwanzo 1, "Mungu akasema". Waraka kwa Waebrania nao, ukisema Mwana ni "mng'ao" wa utukufu (1:3), umetumia neno adimu, apaugasma, ambalo Hekima ya Sulemani 7:26 ililitumia kwa Hekima.

Kwa njia hiyo utaelewa pia jina la Hagia Sofia, lile jengo kubwa la Istanbul lililokamilika mwaka 537 chini ya kaisari Justinian. Watu huuliza Mtakatifu Sofia alikuwa mwanamke gani. Jina linamaanisha Hekima Takatifu, na aliyekusudiwa ni Kristo.

Hatua ya 8: Aya za kujaribia mkono

Kabla ya zile ngumu, pitia tatu nyepesi. Matendo 6:3: watu saba waliojawa na Roho na hekima wanatafutwa. Kazi iko wapi? Kugawa chakula cha wajane bila upendeleo. Matendo 7:22: Musa alifundishwa hekima yote ya Wamisri, na Stefano anaitaja bila kuibeza. Ufunuo 13:18: "Hapa ndipo penye hekima", na kazi ni kuhesabu. Sofia hapo ni ustadi wa kufumbua fumbo, karibu sana na ile ya fundi mwenye uzi.

Halafu Mathayo 11:19. Watu wamemlaumu Yohana Mbatizaji kwa kufunga, wamemlaumu Yesu kwa kula. Jibu lake: "hekima imejulikana kuwa ina haki kwa kazi zake". Luka 7:35 inasema "kwa watoto wake wote". Nakala za kale za Mathayo zenyewe hazikubaliani. Sinaiticus na Vaticanus, zote za karne ya 4, zina "kazi", nyingine zina "watoto" kama Luka. Rudi nyuma hadi Mathayo 11:2 uone sura ilivyoanza: Yohana gerezani anasikia "matendo" ya Kristo. Kigiriki ni erga, neno lilelile la "kazi" katika aya ya 19. Mathayo ameifunga sura yake kwa neno alilolifungulia, na katikati yake ameweka vipofu wanaoona na viwete wanaokwenda. Kwangu mimi hiyo inatosha kuamini kwamba "kazi" ndilo neno lake.

Ya mwisho nakuachia, ila nitakuonyesha mlango. Luka 11:49: "hekima ya Mungu ilisema, Nitatuma kwao manabii na mitume". Hekima ndiyo isemayo, na hakuna mahali katika Agano la Kale penye maneno hayo kama yalivyo. Fungua Mathayo 23:34, maneno karibu yaleyale, na utazame ni nani anayesema pale "Mimi natuma kwenu". Andika aya hizo mbili kurasa mbili zinazotazamana, piga mstari chini ya mtendaji wa kila moja, kisha urudi kwenye Marko 6 usome tena maswali ya watu wa kwao.